Boneti Iliyokataa Kufunguka

Eda yangu ilikwisha tarehe 25 Mfungo Pili. Miezi minne na siku kumi niliyokaa ndani, gari la marehemu mume wangu nalo lilikaa chini ya mwembe, uani kwetu hapa Usagara, bila kuwashwa hata mara moja. Lilinyeshewa na mvua zote za masika, kisha likapigwa na upepo wa kusi. Sisi tunaokaa Tanga twaijua chumvi inayoletwa na upepo wa bahari. Bawaba za madirisha huanza kulia, misumari ya bati huvimba kutu, na kufuli la mlango wa nyuma husahau ufunguo wake. Mimi gari sikuliwaza. Mwanamke aliye katika eda ana mengine ya kuwaza.

Siku ya pili yake alikuja shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye Mahakama ya Mwanzo ilikwisha kumthibitisha kuwa msimamizi wa mirathi. Alikuja na daftari. Mali yenyewe si nyingi: nyumba hii, michungwa kadhaa huko Muheza, fedha kidogo, na gari. Aliiandika pia cherehani, nami nikamwambia kwa upole aifute, maana cherehani ni yangu, niliinunua kwa jasho langu na haina mirathi. Akacheka, akaifuta. Gari likabaki katika orodha, na tukakubaliana liuzwe, kwa kuwa hakuna kati yetu anayeweza kulilisha mafuta.

Mnunuzi alikwisha kupatikana, mwalimu mmoja wa sekondari, mtu mstaarabu. Alitaka jambo moja tu kabla ya kutaja bei: afunguliwe boneti aione injini, na alinganishe namba ya chesisi na ile iliyoandikwa kwenye kadi. Katika gari lile namba hiyo imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria, nawe huioni mpaka boneti iwe juu. Ombi lake lilikuwa la haki kabisa.

Shemeji akaingia upande wa dereva, akainama, akakishika kile kikono kidogo kilichopo chini ya dashibodi, akavuta. Kikono kikaja. Na waya ukaja nyuma yake. Akaendelea kuvuta kama mvuvi anayevuta mshipi, na waya ukaendelea kutoka, mpaka ncha yake ikatokea, nyeusi, imeliwa na kutu. Akabaki ameketi na waya mapajani. Boneti haikutikisika.

Hapa sina budi kukiri neno. Kikono kile kilikuwa kizito tangu mwaka wa kabla yake, na marehemu alikuwa na namna yake ya kukabiliana nacho. Alimwita mwanetu wa kiume aweke viganja viwili juu ya boneti, karibu na nembo, aikandamize chini kwa uzito wake wote, naye akavuta kutoka ndani. Ikafunguka. Mimi nilimsema mara nyingi apeleke gari kwa fundi, naye akajibu kesho. Mara ya mwisho nilimsema kwa ukali, mbele ya watoto, naye hakujibu kitu. Ilikuwa wiki mbili kabla ya kufariki kwake. Waya ulipotoka mkononi mwa shemeji, hilo ndilo lililonijia kwanza, kabla sijawaza mnunuzi wala bei.

Shemeji alimwita fundi kijana wa gereji ya jirani. Kijana alikuja na mtaimbo. Alizunguka gari mara moja, akasema, "Mama, hii ni kazi ya dakika tano." Akaipenyeza ncha ya mtaimbo chini ya ukingo wa boneti na kuukalia. Bati likalia, na rangi ikapasuka kwa urefu wa kidole. Nikamwambia, "Mwanangu, acha." Akaniambia boneti nyingine ya mtumba itapatikana kwa bei nafuu, nisihofu. Nikamwambia tena aache, akaacha. Nikampa fedha ya chai, akaenda zake bila kununa.

Hakuelewa kwa nini nilimzuia, na sikumweleza. Katika gari lile mimi ni mwenye thumuni tu. Sudusi ni ya mavyaa wangu, mama yake marehemu, ambaye yu hai kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Kinachosalia ni cha watoto wangu watatu, mvulana na wasichana wawili, na wote bado ni wadogo. Kila tundu la mtaimbo lingepunguza bei, na sehemu kubwa ya upungufu huo ingetoka katika mali ya mayatima. Nililala usiku ule nikiuona ule ufa wa rangi.

Aliyetuokoa hakuwa fundi wa magari hata kidogo. Mji wetu ni mji wa baiskeli, kila mgeni anayeingia Tanga huliona hilo kabla hajaiona bahari, na mtaa wa pili kutoka kwetu kuna mzee aliyetengeneza baiskeli tangu mimi sijaolewa. Mwanangu ndiye aliyesema, "Mama, nimwite babu wa baiskeli? Waya wa breki na waya ule si ni kitu kimoja?" Shemeji aliguna. Lakini mtoto alisema kweli. Nilisoma baadaye kwamba waya wa namna hiyo, unaoteleza ndani ya ala yake, ulipewa hataza mwaka 1896 kwa jina la Ernest Bowden, mtu wa Ireland, na ulipata umaarufu katika breki za baiskeli kabla ya kuenea kwenye magari na pikipiki.

Mzee alikuja baada ya alasiri. Mwanangu akampa shikamoo, akaitikia, kisha akaomba ule waya uliotoka. Hakuligusa gari kwanza. Aliuweka waya kwa nje, kuanzia mahali pa kikono, akaupitisha juu ya tairi la upande wa dereva, nyuma ya taa, hadi katikati mbele ambako komeo lilipo. Ukapungua kama shibiri moja. "Basi umekatika hapa," akasema, akigusa bampa kwa kidole. "Ungekatika kule ndani, tungeukamata kwa koleo na kuuvuta, kazi ikaisha. Sasa lazima tulifuate komeo lenyewe."

Akatueleza huku akichora mchangani kwa njiti. Chini ya boneti kuna ulimi wa chuma, nao umebanwa na komeo lenye springi. Kandokando ya komeo kuna mkono mdogo, ambao waya huuvuta kuelekea upande unakotokea waya. Maana yake ni kwamba mwenye kuufikia mkono ule kwa kitu chochote, akausukuma upande uleule ambao waya ungeuvuta, amefungua. Kuusukuma upande wa pili ni kupoteza siku. Na kule kukandamiza boneti kwa viganja, ambako mimi nilikudhani ni mchezo wa baba na mwana, kulikuwa na maana yake: boneti husukumwa juu na mipira iliyo chini yake, ulimi ukabana ndani ya komeo, na ukiikandamiza unaulegeza ulimi ule.

Jioni ile hakufungua kitu. Alichanganya mafuta ya taa na oili kidogo, akayatia katika bomba la sindano lisilo na sindano, akayarushia komeo kupitia matundu ya shoo ya mbele. Akasema kutu haigombwi, inasubiriwa. Akaaga.

Asubuhi alirudi na bisibisi ndefu, tochi, na magogo mawili. Walinyanyua gari kwa jeki, wakaweka mawe nyuma ya matairi, na mzee akakataa kuingia chini mpaka magogo yalipowekwa sawasawa chini ya chesisi. "Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia," alimwambia mwanangu, akamfanya alirudie neno hilo. Kisha akafungua skrubu za plastiki iliyo chini ya bampa, akaishusha, akaingiza mkono. Alilifikia komeo lakini hakuliona. Akauliza kama nyumbani kuna kioo kidogo.

Kilikuwapo kimoja, kioo changu cha wanja. Nilikuwa nimekifunga katika kitambaa siku ile ya msiba, na sikukifungua tena. Nikaenda kukitoa. Mzee akakishika kwa vidole viwili kule chini, mwanangu akakimulika kwa tochi, na katika duara lile dogo nikaona komeo, kutu yake, na kipande cha waya kilichobaki, kimening'inia.

"Haya, mjukuu wangu, kandamiza."

Mwanangu akaenda mbele, akaweka viganja mahali palepale pa siku zote. Hakuna aliyemwonyesha. Mzee akasukuma kwa bisibisi. Hakikutokea kitu. Akatoa pumzi, akaipachika upya, akamwambia aongeze uzito. Kikasikika kishindo kifupi, na boneti ikanyanyuka upana wa vidole viwili. Shemeji akataka kuipandisha, ikagoma, na mzee akacheka kutoka chini: kuna ulimi wa pili, wa kuizuia isifunuke gari likiwa safarini, huo hufunguliwa kwa kidole. Mwanangu akaingiza kidole, akaupata.

Ndani kulikuwa na kiota cha panya kilichosukwa kwa makumbi ya nazi, na kando yake kitambaa cha kikoi cha kale ambacho marehemu alikuwa akifutia kijiti cha oili. Namba ilikuwa pale, inasomeka. Shemeji akaiandika daftarini. Kitambaa nilikichukua mimi, sikumwomba mtu ruhusa.

Mzee alifunga waya mpya. Halafu akafanya jambo ambalo ningependa kina mama wenzangu, na hasa waume zao, walijue. Alichukua waya mwingine mfupi wa breki ya baiskeli, akaufunga kwenye mkono ule wa komeo, akaushusha chini hadi nyuma ya bampa, na mwishoni akatia pete. Waya mkubwa ukikatika, unapiga goti, unaitafuta pete, unaivuta. Haionekani na mpita njia. Alilipaka komeo grisi, akasema lipakwe tena kila masika yakiisha. Niliwaita na mabinti zangu, kila mmoja akapiga goti na kuivuta pete kwa zamu, hata yule wa miaka 7, ambaye alitaka kuivuta mara ya pili.

Ujira wa mzee ulitoka katika fedha za mirathi, kwa kuwa kazi yake iliihifadhi mali ya wote. Ule ufa wa rangi ulikuwa jambo jingine. Shemeji alisema nao uhesabiwe humohumo, ni kitu kidogo. Nilikataa. Kijana wa mtaimbo niliona akianza nami nikanyamaza, kwa hiyo gharama ya rangi nikaitoa katika thumuni yangu. Mavyaa alisikia hayo, akatuma mtu aniambie kwamba naye angechangia. Nikamshukuru, nikamwambia yamekwisha.

Mwalimu alikuja siku ya Jumamosi. Kabla hajaizunguka gari nilimwonyesha mahali palipopasuka, nikamwonyesha na pete iliyo chini ya bampa. Akapiga goti na suruali yake safi, akaivuta.