Kutoka Mkojo hadi Tone la Damu: Kipimo cha Sukari na Maisha ya Mgonjwa

Kisukari cha aina ya kwanza, yaani kile ambacho kongosho hukoma kutengeneza insulini kwa sababu kinga ya mwili imeziharibu seli zinazoitengeneza, hakina likizo, na anayekipata utotoni huzeeka nacho akijaliwa umri. Insulini ni homoni inayoiwezesha sukari iliyomo kwenye damu kuingia katika seli na kugeuzwa nguvu; asiyekuwa nayo huanza kuchoma mafuta ya mwili badala ya sukari, damu yake ikajaa asidi, na asipotibiwa hafiki mbali. Tiba yake ilipatikana Januari 1922, pale kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipodungwa mjini Toronto nchini Kanada dondoo lililotolewa katika kongosho za ng'ombe, akanusurika. Kwa hiyo kwa mtoto aliyeugua katika pwani ya Tanzania miaka ya 1980, dawa ya kumwokoa ilikuwa imekwishapatikana miaka sitini kabla. Kilichokosekana ni njia ya kujua, nyumbani na kwa wakati, sukari imefika wapi. Na ni njia hiyo, kuliko dawa yenyewe, iliyobadilika zaidi katika miaka ambayo mwandishi wa makala haya ameishi na maradhi hayo tangu alipokuwa shule ya msingi mjini Tanga.

Kipimo cha nyumbani siku hizo kilikuwa cha mkojo. Mtoto aliyeruhusiwa kutoka wodini alirudi kwao na chupa ya dawa ya maji ya rangi ya bluu iitwayo Benedict, kwa jina la mkemia wa Marekani Stanley Benedict aliyeibuni mwanzoni mwa karne ya 20, pamoja na mrija wa kioo na kibano cha kuushikia. Mililita tano za dawa hiyo zilimiminwa katika mrija, zikadondoshewa matone manane ya mkojo, mrija ukachemshwa ndani ya maji juu ya jiko la mafuta ya taa, kisha rangi ikasomwa: bluu maana yake hapana sukari, kijani ipo kidogo, manjano na rangi ya chungwa imezidi, na nyekundu ya tofali imekithiri. Kwa kuwa jiko lilikuwa moja na chai ya watu wote ilisubiri, mama ndiye aliyeamua kila alfajiri kipi kitangulie motoni, na majirani wa uani waliijua harufu ya kipimo hicho pengine kuliko walivyoujua ugonjwa wenyewe.

Upungufu wa njia hiyo ulikuwa mkubwa, ingawa haukuzungumzwa sana mbele ya wagonjwa. Kwa kawaida figo hazianzi kumwaga sukari kwenye mkojo mpaka ile ya damu ivuke takriban milimoli 10 kwa lita, kiwango ambacho tayari kimepita kinachotakiwa. Mkojo unaopimwa ni ule uliokusanyika kibofuni kwa saa kadhaa, kwa hiyo hueleza yaliyopita. Na rangi ya bluu, ambayo kila familia iliifurahia, haikuweza kumtenga mwenye sukari ya kawaida na yule ambaye sukari yake imeshuka hadi anakaribia kuzimia. Hata hivyo daftari la rangi lilipelekwa kliniki, daktari akalifungua na kutoa hukumu, na si siri miongoni mwa waliokulia enzi hiyo kwamba watoto wengi walijifunza mapema rangi ipi inapendwa na watu wazima. Kuishi vema na kisukari kulimaanisha utii: kula kilichoandikwa, kudungwa kilichoandikwa, na kuulizwa mwisho wa mwezi kwa nini mambo hayakwenda kama yalivyoandikwa.

Sindano zenyewe zilikuwa za kioo, zikichemshwa katika kisufuria kilichotengwa kwa kazi hiyo, na ncha zake zilitumika mpaka ngozi ilipozikataa. Insulini ilitokana na kongosho za ng'ombe na za nguruwe, jambo ambalo katika nyumba za Kiislamu za pwani halikupita kimyakimya. Jibu walilolitoa mashehe lilikuwa la dharura, kwamba kilichoharamishwa huruhusiwa pale uhai unapokuwa hatarini na badala yake haipo, lakini kila chupa mpya ilipoletwa bibi aliuliza upya ni ya mnyama gani, na alikuwa na haki ya kuuliza. Swali hilo lilianza kufutika baada ya 1982, Marekani na Uingereza zilipoidhinisha insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya kuizalisha, ingawa chupa za aina hiyo zilichukua muda kuenea katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki. Kwa wasiokuwa na jokofu palikuwa na mtungi: chungu kidogo ndani ya kikubwa, kati yao mchanga uliolowanishwa, ili maji yanapogeuka mvuke yaondoke na joto na kuiacha chupa ikiwa baridi kiasi. Njia hiyo ingali inafundishwa hadi leo, nayo inafaa.

Ni lazima isemwe pia kwamba matarajio ya maisha hayakuwa mapana. Watafiti wa hospitali ya Muhimbili, miongoni mwao Donald McLarty na Andrew Swai, waliwafuatilia zaidi ya wagonjwa elfu moja waliogunduliwa kuwa na kisukari Dar es Salaam kati ya 1981 na 1987, na matokeo yao, yaliyochapishwa 1990, yalionyesha kwamba waliohitaji insulini walikufa mapema kuliko wasioihitaji, na kwamba miongoni mwa vilivyowaua ni ile asidi ya damu pamoja na maambukizi, mambo ambayo kwingineko yalikuwa yakizuilika. Wazazi hawakusoma majarida ya kitabibu, lakini waliyajua hayo kwa kuhesabu nyuso zilizokosekana kwenye benchi la kliniki.

Mgeuko ulikuja katika miaka ya 1990, na chanzo chake kilikuwa mbali. Mwaka 1993 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani na Kanada kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambao nusu yao walitibiwa kwa utaratibu wa kawaida na nusu kwa sindano nyingi zaidi zilizorekebishwa kila siku kufuatana na vipimo vya damu vya nyumbani. Kundi la pili lilipunguza kwa asilimia 76 uwezekano wa kuanza kupata madhara ya macho, na figo na neva zao zilinufaika vilevile, ila kushuka kwa sukari kwa kiwango cha hatari kulitokea kwao takriban mara tatu zaidi. Kwa mara ya kwanza palikuwa na ushahidi usiobishika kwamba hesabu ya kila siku inalipa miaka mingi baadaye, na kwamba mwenye kuifanya hesabu hiyo hawezi kuwa daktari anayeonwa mara moja kwa mwezi.

Glukomita, yaani mashine ndogo inayosoma sukari katika tone la damu lililotolewa kidoleni, ilifika Tanga mikononi mwa ndugu waliorejea kutoka Uingereza na Uarabuni kabla ya kufika madukani. Jambo la kwanza ililolifanya ni kuivunjia heshima karatasi ya chakula. Karatasi hiyo, iliyogawiwa kliniki kwa miaka, ilitaja mkate wa ngano na viazi ulaya kwa urefu na kuupitia muhogo kwa haraka, wala haikuwa na neno juu ya nazi. Kwa kupima kabla na baada ya mlo iligundulika nyumbani kwamba maandazi na chai hupandisha sukari upesi, ilhali wali wa nazi na pilau, kwa sababu mafuta huchelewesha chakula tumboni, huonekana salama baada ya saa mbili kisha hupanda usiku watu wakiwa wamelala. Hakuna daktari aliyekuwa amelisema hilo, na haingekuwa haki kumlaumu, maana hakuwa na namna ya kuliona.

Manufaa makubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi, yalihusu sukari kushuka. Mtu anayetetemeka, kutoka jasho na kusema maneno yasiyoeleweka alikuwa na tafsiri nyingi mtaani, za mashetani na za ulevi, na hata ndani ya familia palikuwa na ubishi kati ya mjomba aliyetaka apewe maji ya sukari na shangazi aliyekumbuka kwamba sukari ndiyo ugonjwa wake. Namba 2.8 kwenye kioo iliumaliza ubishi huo, na shangazi mwenyewe akawa mtu wa kwanza kubeba glukosi kwenye mkoba kila panapokuwa na safari au harusi. Vivyo hivyo mwezi wa Ramadhani: ruhusa ya mgonjwa kutofunga ni ya tangu zamani, lakini vijana wengi waliona aibu kuitumia, na waliofunga walifunga gizani. Mwenye glukomita anaweza kukubaliana na daktari kabla ya mwezi juu ya kipimo cha insulini ya daku na ya futari, na pia juu ya namba ambayo ikifikiwa atafungua papo hapo bila kusubiri adhana. Kuhusu kidole kudungwa, wanazuoni wengi wameona hakubatilishi saumu.

Haya yote yana gharama, na si ya fedha tu. Namba inayopatikana wakati wowote huleta wajibu wa kuijibu wakati wowote, na kuna uchovu wa kweli unaowapata wenye kujipima kwa miaka, ambao kliniki chache huuuliza. Kihisio kinachobandikwa mkononi na kusoma sukari mfululizo, kilichoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2014, huondoa kudungwa vidole lakini huzidisha namba hizo, tena kwa bei ambayo wengi hawaiwezi. Hata vijiti vya kawaida vya kupimia, ambavyo wagonjwa huviita stripu, humshinda mtu mzima aliyevuka umri wa miradi ya msaada kwa watoto na vijana, na ndiyo maana ushauri unaofaa zaidi kwa mwenye vijiti vichache ni wa mpangilio: asipime kila siku saa ile ile ya asubuhi, bali siku moja apime kabla ya kufungua kinywa, ya pili saa mbili baada ya chakula cha mchana, ya tatu kabla ya kulala, na mara mojamoja saa tisa za usiku, ili baada ya majuma mawili daftari liwe limeionyesha siku nzima ya mwili wake kwa kijiti kimoja tu kila siku.