Mwache Huyo

Runinga nne za banda la gemu zilikuwa za mpira. Ya tano, ile ya pembeni yenye mstari wa kijani katikati ya kioo, haikuwa na foleni. Nilikuwa kidato cha pili, likizo ya Juni, na kaka yangu alikuwa amechoka kuniona nimejikunyata nyumbani na vitabu. Akalipa shilingi 500, nusu saa, akanikabidhi pedi.

"Cheza hiyo," akasema. "Hiyo haina mpinzani wa kukucheka."

Ilikuwa Batman: Arkham Asylum, gemu iliyotoka mwaka 2009, kazi ya Rocksteady Studios ya London. Hadithi yake, iliyoandikwa na Paul Dini, ni ya usiku mmoja. Batman anamrudisha Joker kwenye hospitali ya wahalifu wenye wazimu, iliyo kisiwani. Joker anaponyoka, anakiteka kisiwa, na Batman anabaki humo na watu wale wale aliowatia ndani mwenyewe. Hakuna jua katika gemu hii. Kadiri usiku unavyokwenda, vazi lake linachanika na ndevu zinamwota kidevuni.

Siku ya kwanza nilitwanga vitufe kama mahindi kinuni. Watu sita wamenizunguka, mimi natwanga, wao wananiangusha. Kaka akainama sikioni: "Usitwange. Ngoja wakuambie."

Kweli, walikuwa wananiambia. Kabla mtu hajapiga, alama ndogo humulika juu ya kichwa chake. Ukibonyeza pembetatu wakati huo huo, Batman anaudaka mkono na kumgeuzia mwenyewe. Ukibonyeza mraba huku umeelekea kwa mwingine, anaruka hatua kadhaa na kumfikia. Pigo likifuata pigo bila kukosea, hesabu inapanda: tano, nane, kumi na mbili. Ukipapatika ukapiga hewa, inarudi mwanzo. Nilielewa siku ya tatu, na nilielewa kwa miguu kuliko kwa vidole: hii ni kuruka kamba. Kwenye kamba huingii kwa nguvu. Unasimama pembeni, unaitikisa shingo kidogo, unausubiri mzunguko wako, unaingia. Shule ya msingi nilikuwa bingwa wa kamba. Kumbe nilikuwa nimeshafanya mazoezi.

Wiki chache baadaye gemu ilituchezea sisi. Batman anatembea kwenye korido, mara picha inakatika, sauti inakwaruza, kioo kinavurugika. Mwenye banda akaja mbio, akaipiga mashine kibao ubavuni, akaanza kulaani umeme. Ikawaka tena kutoka mwanzo kabisa, ile safari ya garini kuelekea hospitali, ila sasa anayeendesha ni Joker na aliyefungwa ni Batman. Mwenye banda akasimama mdomo wazi. Ilikuwa kazi ya Scarecrow, adui ambaye silaha yake ni gesi ya hofu. Waandishi walijua kwamba mchezaji aliyeketi salama kwenye kiti haogopi jini wala bastola. Anaogopa mashine kufa na wiki zake tatu kupotea. Banda zima lilicheka. Mimi mikono ilikuwa inatetemeka, na si kwa sababu ya mashine.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja, majambazi waliingia kwetu. Walivunja mlango kwa lile jiwe watu wanaloliita fatuma. Nilikuwa chini ya kitanda. Nilichokiona ni miguu tu: jozi mbili za raba na moja ya kandambili. Nilichokisikia ni bapa la panga likitua mgongoni kwa Baba, mara tatu, naye hakulia. Nilisikia pia sauti ya mwenye kandambili, nyembamba, kama ya mvulana wa kidato cha pili: "Fanyeni haraka, jamani." Vidole vyake vya miguu vilikuwa vinajikunja na kujikunjua. Sikutoka, sikupiga kelele. Tangu usiku huo nililala taa ikiwaka.

Kwa hiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote haikuwa ya ngumi. Zipo kumbi ambamo maadui wana bunduki, na ukishuka mbele yao wanakumaliza kwa sekunde. Lazima ukae juu. Karibu na dari kuna sanamu za mawe za wanyama wenye mabawa. Batman anarusha kamba, anachutama juu ya moja, anatazama. Kitufe kimoja kinampa macho mengine: kuta zinakuwa kama kioo, watu wanaonekana mifupa, na pembeni panaandikwa hali ya kila mmoja. Mwanzoni wote ni watulivu. Unamchukua mmoja aliyejitenga, kimya kimya. Mwenzake anamkuta sakafuni, anapiga kelele, na hali yao inabadilika kuwa wasiwasi. Joker anawasimanga kwa kipaza sauti. Unamchukua wa pili, wa tatu. Wa mwisho anatembea kinyumenyume, anafyatulia kivuli, anazungumza peke yake. Yake imeandikwa hofu.

Giza lile lile lililokuwa chini ya kitanda changu lilikuwa upande wangu. Huo ndio utamu, na sitaupamba. Wanaosema gemu za namna hii hupendwa kwa sababu zinakupa nguvu wamesema nusu tu. Gemu zinazokupa nguvu ni nyingi, na nyingi zinachosha baada ya saa moja. Hii ilinipa zamu. Hofu ilikuwa ikizunguka kama kamba, na safari hii niliyeishika ncha ni mimi.

Kisha inakunyang'anya. Kuna korido nyingine ya Scarecrow ambamo huwezi kukimbia wala kupiga. Unaweza kusukuma kijiti mbele tu, na Batman anatembea polepole. Mvua inaanza kunyesha ndani ya jengo. Korido inageuka kuwa uchochoro, na unasikia sauti za mama na baba yake usiku walipouawa. Ukifika mwisho, yule mtu mzima mwenye mabega mapana ni mtoto. Hakuna kitufe cha kumwokoa mtu. Pale bandani, kati ya mayowe ya mabao, niliirudia korido ile mara nne bila kumwambia kaka kwa nini.

Sasa niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Mwaka jana nilirudi nyumbani Morogoro na sura ya pili ya tasnifu ambayo msimamizi alikuwa ameirudisha imejaa wino mwekundu. Usiku, badala ya kuirekebisha, nikawasha kompyuta na kuicheza Arkham upya. Baba hulala kwa shida. Alitoka chumbani na msuli wake, akavuta kiti, akakaa nyuma yangu. Hajawahi kukaa nitazamapo gemu. Hatujawahi kuuzungumza usiku ule pia.

"Huyu ni mwizi?" aliuliza.

"Hapana, Baba. Anakamata wezi."

Alitazama nikimning'iniza mmoja kichwa chini kutoka kwenye sanamu. "Anawaua?"

"Haui. Ndiyo sheria yake."

Aliguna. Nikachukua wa pili, wa tatu, wa nne; nilikuwa najua ukumbi ule kama jiko la mama. Akabaki mmoja, anazungukazunguka, bunduki inamtetemeka mkononi, anawaita wenzake wasioitika. Nilikuwa juu yake kabisa. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kitufe.

"Mwache huyo," Baba alisema.

Niligeuka. Hakuwa ananitazama mimi. "Huyo hakutaka kuja," akasema. "Kuna ambao huletwa tu."

Nilikumbuka kandambili. Miaka yote nilidhani mimi peke yangu niliisikia sauti ile.

Nilitaka kumtii. Nilimzungusha Batman ukumbi mzima, nikatafuta njia ya kupita. Lakini mlango wa kutokea haufunguki mpaka mtu wa mwisho aanguke. Gemu inajua hofu ya mtu, inaiandika hata pembeni ya kioo, ila haikukupa kitufe cha kuihurumia. Nikamweleza hivyo. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyezoea sheria za namna hiyo.

Nikashuka. Yule mtu akadondoka, nami nikawasha yale macho mengine ili asome mwenyewe.

"Amezimia tu, Baba."

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Haya, mama. Ulale sasa." Akainuka. Nikamsikia akizunguka nyumba kama afanyavyo kila usiku, akijaribu makomeo moja baada ya jingine, la mbele, la jikoni, la ua. Nilipofunga kompyuta chumba kilikuwa giza, na niliketi humo kwa muda kabla ya kunyoosha mkono kwenye swichi.