Kutoka Kamukuywa hadi Makerere

Barabara kuu inayopita Kamukuywa ina pande mbili, na maisha yangu yote ya ufinyanzi yalikuwa upande mmoja tu. Wa Kitale niliujua vyema. Siku za soko tulipakia vyungu kwenye matatu, tumevizungushia majani makavu ya migomba, tukashuka Kiminini au tukaendelea hadi mjini. Upande wa Webuye ndio uliokuwa na safari yangu mpya: Webuye, Bungoma, Malaba, kisha kuvuka mpaka na kulala Kampala. Nilikuwa nakwenda Chuo Kikuu cha Makerere kusomea sanaa, ili siku moja niifundishe.

Ufinyanzi nilifunzwa na Kukhu, mama yake mama. Hakuwa mtu wa maelezo. Aliniketisha kando yake, akaponda vigae vya vyungu vilivyovunjika, akavichanganya na udongo wa mtoni, akanisukumia fungu lile. Nilipodhani limelainika, alilibonyeza kwa kidole gumba na kunirudishia. "Bado, mwanangu. Kanda." Nilijua kupandisha kuta za chungu kwa mikunjo ya udongo, kukwangua kwa kipande cha kibuyu, kusugua kwa jiwe la mtoni, kuanika kivulini, na kuchoma uani kwa kuni na nyasi. Mtu akiniuliza kwa nini vigae, nilisema ndivyo tunavyofanya.

Kilichonitoa nyumbani ni watoto. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sanaa na ufundi vilifundishwa shule za msingi na kutahiniwa. Baadaye vikaondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane, na somo lisilotahiniwa halikawii kumezwa na hisabati. Kizazi kizima kikapita karibu na udongo bila kuugusa, isipokuwa kwa kucheza. Mtaala mpya wa umilisi umeirudisha sanaa, tena ukaipa njia yake, pamoja na michezo, katika sekondari ya juu. Ni jambo la kufurahia. Lakini mtaala hauingii darasani wenyewe, na mimi sikutaka somo hili liletwe na mwalimu ambaye hajawahi kuchafua mikono.

Basi nikaondoka alfajiri, na chungu kimoja kwenye kikapu, kiwe ushahidi wa kazi yangu. Malaba malori yalikuwa yamejipanga foleni ndefu. Afisa alitazama kitambulisho changu, kisha kikapu.

"Dada, hicho ni cha biashara?"

"Hapana, mkubwa. Nakwenda nacho chuoni."

Alikigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kinavyolia. "Hakina ufa. Pita." Nilijua mara moja kwamba kwao kuna mfinyanzi.

Baada ya Tororo na Iganga nilisinzia. Niliamka Jinja, tunavuka Nile kwa daraja lile jipya linaloning'inia kwenye nyaya, lililofunguliwa mwaka 2018. Kisha msitu wa Mabira, kisha miwa ya Lugazi, iliyonikumbusha kwetu, na Namawojjolo ambako wachuuzi walituinulia mishikaki na ndizi za kuchoma hadi madirishani. Tulipoukaribia mji, abiria jirani alinionyesha upande wa Luzira. Huko, mwaka 1929, kilichimbuliwa kichwa cha mtu kilichofinyangwa kwa udongo na kuchomwa, kazi ya mikono ya watu wa kale wa nchi hiyo. Leo kimo Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Iliniuma kwamba mtoto wa Luzira anahitaji viza ili akakitazame.

Kampala nilitaka kuona kitu kimoja kabla ya kupanda kilima cha Makerere: mnara wa uhuru wa mwaka 1962. Mwanamke aliyezungushiwa vitambaa amemwinua mtoto, na mtoto amenyoosha mikono juu. Aliyeuchonga ni Gregory Maloba, Mkenya, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere miaka ya 1930 na ambaye shule ya sanaa ya hapo sasa ina jina lake. Maloba alisoma hapo, akafundisha hapo, kisha miaka ya 1960 akarudi Kenya kuongoza idara ya usanifu katika chuo kikuu cha Nairobi. Nilisimama chini ya mnara ule muda mrefu. Hatua ninazozitamani, kuna mtu wa kwetu aliyekwisha kuzipiga.

Karakanani Makerere ndipo safari ilipoanza hasa. Mhadhiri aliweka chungu changu kando ya bakuli ling'aalo la tanuri, akauliza kwa nini changu kinaweza kukaa juu ya mafiga na lile litapasuka. Nikasema vigae. "Mweleze mtoto wa miaka kumi," akaniambia. Sikuweza. Tukaanza hapo. Vigae vimekwisha kuchomwa, kwa hiyo havinywei tena, na hufanya udongo usijikaze mno. Moto ukija ghafla, chungu kina nafasi ya kutanuka. Moto wa uani huacha vitundu vidogo, na maji yanayopenya humo na kukauka ndiyo yanayoupoza mtungi. Tanuri likipita nyuzi 1,200, udongo wa aina yake hufunga vitundu hivyo: bakuli halivuji, lakini haliwezi mafiga.

Jioni nilimpigia Kukhu simu, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza tanuri linatumia kuni gani. La umeme, nikamjibu. "Na shule ya hapa Kamukuywa, nani atalipa huo umeme?"

Asubuhi nilirudi kwa mhadhiri na ombi: pamoja na tanuri, nichomee pia nje, ardhini, kwa kuni na nyasi, nikipima moto na kuandika kila kinachovunjika na sababu yake. Alikubali. Digrii ikiisha nitafuata diploma ya ualimu, kisha usajili wa tume ya walimu, TSC, na daftari hilo ndilo nitakaloingia nalo darasani.