Moshi wa Udhiya Darini

Idi Kubwa iliyopita ilitukuta Lamu, katika nyumba ya mawe ambayo jiko lake, kwa ada ya wajenzi wa kale, liko juu darini. Usiku umeme ulikatika, na nyama ya udhiya ingali nyingi. Mama mwenye nyumba akatufunza kazi tusiyopata kuifanya: tukaikata nyama vipande virefu vyembamba, tukaitia chumvi, tukaipanga juu ya uchaga, na chini yake tukachoma makumbi ya nazi yafukayo moshi bila kuwaka.

Moshi ukashuka vichochoroni. Kabla ya adhuhuri mtoto wa jirani, yatima, akachungulia ukutani: “Maalim, mwapika nini?”

Tuliona haya. Tulikumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) aliruhusu udhiya kuwekwa akiba kupita siku tatu, tukasahau kwamba katazo la awali lilikuwa kwa ajili ya wahitaji waliofika Madina. Tukaitoa nyama iliyokwisha kuiva, tukamjazia sahani ampelekee mamake.

Akiba ni halali, ndugu zetu. Lakini haki ya jirani hutangulia uchaga, na moshi hauna siri.