Masika Yanaisha: Twende Wapi?

Mwezi wa Aprili mvua hupungua hapa Ipole. Watu huanza kufikiri safari. Mmoja anataka kuwaona ndugu. Mwingine anafikiria mizinga yake porini. Lakini, ndugu msomaji, mvua kupungua si njia kukauka.

Nchi za kaskazini zenye theluji zina shida kama hiyo. Kule Ufini, wakati wa baridi kali, maziwa huganda. Maji huwa magumu kama mwamba, na magari hupita juu yake. Baridi ikielekea kwisha, barafu bado huonekana ngumu, kumbe imeanza kulegea. Atakayepita anaweza kuzama. Kwa hiyo njia za ziwani hufungwa, na watu hupita nchi kavu.

Mbuga zetu ni kama barafu hiyo. Juu unaona nyasi. Chini ni tope jeusi linalomeza baiskeli hata lori.

Basi twende wapi? Ipole ni njia panda. Barabara ya kaskazini huenda Sikonge na Tabora. Ya magharibi huvuka mto Koga kwenda Mpanda. Zote mbili zina lami. Wakati huu safiri kwa njia hizo. Ya kusini huenda Rungwa hadi Mbeya. Ni ndefu na hupita porini. Uliza kwanza habari zake kwa madereva.

Ukifika Tabora, nenda Kwihara, kilomita chache kutoka mjini. Huko lipo tembe alimokaa Dk. Livingstone mwaka 1872. Misafara ya pwani na Ujiji ilipumzika huko.

Tarehe 14 Machi 1872 Stanley aliondoka Kwihara kwenda pwani, masika yakiwa bado. Njiani mito ilikuwa imefurika. Katika mto mmoja, mpagazi aliyebeba kichwani sanduku la barua za Livingstone alitumbukia shimoni, karibu azame. Aliponea chupuchupu. Katika uwanda wa Mkata, kati ya Kilosa na Morogoro, msafara ulitembea ndani ya maji. Ulifika Bagamoyo tarehe 6 Mei, watu wamechoka sana.

Livingstone alibaki Kwihara akisubiri wapagazi kutoka pwani. Aliondoka tarehe 25 Agosti, nchi ikiwa kavu. Lakini safari yake ilikuwa ndefu. Mvua zilimkuta kwenye mabwawa ya Bangweulu, katika nchi ya Zambia ya leo. Alifia huko mwaka 1873. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, hesabu pia siku za kufika na za kurudi.

Wenye mizinga, ngojeni mbuga zikauke. Kumbukeni pia kwamba tangu mwaka 2019 Mto Ugalla ni Hifadhi ya Taifa. Usifuate njia ya baba yako bila kuuliza. Kurina asali au kuvua samaki ndani ya hifadhi ni kosa. Bwana Nyuki atakuonyesha mahali panaporuhusiwa.

Ukikuta maji yanavuka njia kwa kasi, usijaribu kupita. Rudi ulale kijiji cha karibu. Wahenga walisema: kawia ufike.