Kumhoji Asiyesema

Ukienda kupimwa macho unaonyeshwa ubao wa herufi, unazisoma kuanzia zile kubwa hadi zile ndogo kama sisimizi, na daktari anaandika ulichosema. Sasa mtoto wa miezi mitatu utamuuliza nini? Mimi kazi yangu ni kuuliza watu maswali, ndiyo maana jambo hili limenikaa kichwani: kuna waliofanikiwa kumhoji mtu asiyesema.

Siri yao imo katika maneno mawili ambayo Kiswahili kinayatenganisha vizuri, kutazama na kuona. Unaweza kutazama usione. Lakini mtoto hawezi kupendelea kutazama kitu kimoja kuliko kingine kama haoni tofauti yake. Mmarekani Robert Fantz alilishika hilo. Mwaka 1961 alieleza jinsi alivyowalaza watoto chali ndani ya kisanduku, akawawekea picha mbili kwa juu, kisha akachungulia tunduni: picha iliyojionyesha juu ya mboni ndiyo mtoto aliyoitazama. Watoto walipenda michoro kuliko rangi tupu.

Davida Teller, wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, akaongeza kitu ninachokipenda zaidi: mpimaji asijue jibu. Anashika kadi ya kijivu yenye mistari upande mmoja na kitundu katikati, lakini haambiwi mistari iko kulia au kushoto. Anamwangalia mtoto tu, macho yake yanaelekea wapi, halafu anabashiri. Kadi baada ya kadi mistari inazidi kuwa myembamba, mpaka mtoto havutwi tena upande wowote. Hapo ndipo uwezo wake wa kuona unapoishia. Kwa anayehoji watu wazima nayo ni adabu ngumu, kutofika na jibu mfukoni.

Kwa nini haraka yote hiyo? Mtoto mchanga anaona vizuri kiasi cha sentimita 20 hadi 30, umbali wa uso wa anayemnyonyesha. Kwingine kote ni ukungu, na hiyo ni kawaida. Lakini ubongo unajifunza kuona, na darasa hilo lina muda wake. David Hubel na Torsten Wiesel, walioshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1981, waliziba jicho moja la paka wachanga. Lilipofunguliwa baadaye jicho lilikuwa zima, ila ubongo haukulitumia tena. Babu mwenye mtoto wa jicho anaweza kungoja upasuaji hata miaka, na akaona. Kichanga mwenye mtoto wa jicho hana miaka hiyo. Ana wiki.

Kwetu neno la faraja ni lilelile: "Bado mdogo huyo, yatakaa sawa." Bibi analisema, shangazi analisema, na mara nyingi wanasema kweli, maana macho kupishana wiki za mwanzo huisha yenyewe. Lakini kengeza lisilotulia baada ya miezi minne, mtoto wa miezi mitatu asiyefuata uso wa mama yake, au mboni inayotoka nyeupe kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga, hayo si ya kungoja kliniki ya mwezi ujao. Mboni nyeupe inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani. Mpelekeni kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo.