Tamthilia ya Watu Wazima

Maneno "tamthilia ya watu wazima" yamechafuliwa. Ukiyatamka mbele ya majirani, wengine watatazamana na kuguna, kana kwamba utu uzima wote umo katika kuvua nguo. Mimi nayatumia kwa maana yake ya asili: mchezo uliotungwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kulipa kodi ya nyumba, aliyekwisha kuzika, na ambaye siku moja alisimama mbele ya msimamizi wake akayameza maneno kwa kuwakumbuka watoto. Huenda mchezo huo ukawa na matusi na damu, pengine hata mambo ya chumbani, lakini kipimo chake si hayo. Kipimo ni kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili akiutazama, hata ukimfichia yote yasiyomfaa, bado hatafahamu kwa nini watu wale wanahangaika.

Kuupata mchezo wa namna hiyo ni kazi, na nyumbani kwangu kazi hiyo ilituchukua miezi mitatu.

Wazee wetu hawakuwa na taabu ya kuchagua. Zanzibar ilianzisha televisheni mwaka 1973, tena ya rangi, lakini Bara tuliingoja hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo tamthilia ilikuwa ya redioni. Wengi mnakumbuka jinsi Redio Tanzania ilivyoanza kurusha Twende na Wakati mwaka 1993, mara mbili kwa juma, nusu saa kila mara. Eneo la Dodoma tu ndilo lililokosa kuisikia kwa miaka miwili ya mwanzo, kwa sababu watafiti walitaka kulinganisha wanaosikiliza na wasiosikiliza. Mkwaju, yule dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, alipata Ukimwi akafa. Mkewe Tunu alikuwa amekwisha kumwacha na kuanza biashara yake. Watungaji walikusudia kutufunza uzazi wa mpango na kujikinga na maradhi, wala hawakuificha nia hiyo. Hata hivyo Mkwaju alikuwa na kazi. Ulijua fedha anazipata wapi na anazitapanya wapi.

Leo taabu yetu ni wingi. Kuna king'amuzi, kuna simu, na kuna vijana mtaani watakaokunakilia misimu yote ya tamthilia katika flashi kwa bei ndogo (biashara isiyomwachia mtunzi hata senti moja, nami sitasema zaidi). Katika wingi huo tulijaribu nyingi tukaziacha. Ya kwanza ilikuwa ya jumba la kifahari ambamo watu walikunywa divai asubuhi na kusalitiana jioni, wala hapana aliyewahi kuonekana akienda kazini. Ya pili haikuwa na mwisho. Kila fumbo lilipofumbuliwa walileta pacha wa marehemu. Ya tatu ilikuwa nzuri, lakini haikutazamika sebuleni kwetu, na hapo sina budi kueleza sebule yetu ilivyo.

Nyumba tunayopanga ina vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja ni chetu, cha pili ni cha watoto, na sebule ndiyo malazi ya baba yangu tangu alipofiwa na mama. Televisheni imo humo humo. Mama watoto ni muuguzi. Asipokuwa na zamu ya usiku, saa tatu watoto wakilala ndiyo saa yetu ya pekee ya kukaa pamoja, na tunakaa miguuni pa kitanda cha mzee. Msomaji mwenye mkwe ananielewa. Mke wangu na baba mkwe wake hawawezi kutazama pamoja watu wawili wakikumbatiana kitandani. Mmoja atajifanya amesinzia, mwingine atakumbuka chungu jikoni. Basi tulikuwa tukitafuta mchezo wa watu wazima utakaoweza kutazamwa na watu wazima watatu wenye kuheshimiana.

Ninaloweza kulisifu bila kusita, kati ya yaliyotungwa hapa kwetu, ni Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa mwaka 2012. Ina sehemu 26, mandhari yake ni Bagamoyo, na kijana wake mkuu, Cheche, ni mpiga picha. Studio ile unaiamini. Kiswahili chake ni cha watu, si cha matangazo. Lakini hiyo tulikwisha kuitazama, na kipindi kilichokwisha kutazamwa ni kama gazeti la juzi.

Ndipo mwenzangu mmoja wa chumba cha habari aliponitajia The Wire. Aliniambia jambo moja tu: imetungwa na mwandishi wa magazeti. Ni kweli. David Simon alikuwa mwandishi wa habari za polisi katika gazeti la Baltimore Sun nchini Marekani, na aliyeshirikiana naye, Ed Burns, alikuwa mpelelezi wa polisi kisha akawa mwalimu wa shule. Tamthilia hiyo ilionyeshwa na kituo cha HBO kuanzia mwaka 2002 hadi mwaka 2008, misimu mitano, sehemu 60. Nilifanya hesabu kabla ya kuileta nyumbani. Sehemu moja ni kama saa moja. Saa 60 ni siku saba na nusu za kazi ya saa nane. Mfanyakazi hamkopeshi mtu siku saba za uhai wake pasipo kumwuliza atazifanyia nini.

Msimu wa kwanza ni wa polisi na wauza dawa za kulevya, na mwendo wake ni wa pole. Sehemu tatu za mwanzo watu wanaongea tu, majina ni mengi, na Kiingereza chao cha mitaani kinanishinda hata mimi niliyekisomea. Nilikuwa nikiisimamisha na kumfasiria mzee. Tena niliona ni lazima niitazame kwanza peke yangu, usiku wa manane, ili nijue rimoti iruke wapi, kwani mambo ya chumbani yamo, na matusi ni mengi mno. Ukitaka kuitazama mbele ya mkweo, fanya hivyo hivyo. Ukitaka kuitazama mbele ya watoto, usifanye.

Msimu wa pili ndio uliobadili mambo nyumbani kwetu, maana unahamia bandarini.

Mtu mkuu humo ni Frank Sobotka, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wanaopakia na kupakua shehena. Kazi imepungua. Vijana wanapata siku mbili tatu tu za kazi kwa juma. Sobotka anataka mfereji wa bandari uongezwe kina na gati la nafaka lifufuliwe, ili meli zirudi. Na kwa kuwa wanasiasa hawasikilizi bila fedha, anazipata fedha kwa kuyapitisha makontena ya wahalifu bila kuuliza yamebeba nini. Siku moja moja kati ya makontena hayo linafunguliwa, na ndani yake mna maiti za wanawake kumi na watatu. Baadaye anaonyeshwa filamu ya bandari ya Rotterdam, ambako mitambo inahamisha shehena pasipo watu. Ule uso wake akiitazama filamu ile! Mchezaji hasemi neno la maana, lakini umekwisha kufahamu yote.

Baba yangu alifanya kazi bandarini miaka 27. Aliingia akiwa kuli, mwenye kulabu ya kuvutia magunia, akatoka akiwa karani wa kuhesabu shehena. Hayo niliyajua tangu utotoni, na zaidi ya hayo sikujua kitu, kwa sababu hakuwa msemaji. Usiku wa Rotterdam aliniashiria niisimamishe picha. Nilidhani anataka tafsiri. Akasema, "Sisi hawakutuonyesha filamu. Walibandika karatasi."

Akaeleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, jinsi makontena yalivyozidi na magengi ya watu yakapunguzwa. Asubuhi moja karatasi ya majina ilibandikwa ukutani. Katika gengi lake walibaki wachache, naye alikuwa mmoja wao, kwa sababu alijua kusoma. Alikuwa amejifunza ukubwani, katika madarasa ya jioni ya kazini, mwaka 1970, ule uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Rafiki yake, aliyekula naye sahani moja miaka tisa, hakuhudhuria madarasa yale. Alikuwa akifanya kibarua cha jioni kwa kuwa alikuwa na watoto wengi. Jina lake halikuwamo. Na kwa kuwa hakujua kusoma, alimwomba baba amtafutie jina lake katika karatasi.

"Nikamsomea," mzee alisema. "Mara mbili. Aliniomba nirudie."

Tangu siku hiyo yule rafiki hakumwamkia tena. Miaka mingi walipishana mtaani kama watu wasiojuana.

Baadaye nimesoma kidogo juu ya asili ya makontena haya. Mwaka 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, ikiwa na makontena 58, na kuanzia hapo kazi ya magunia ilianza kufa katika kila bandari duniani. Kuli wa Baltimore na kuli wa pwani yetu walifukuzwa na sanduku lile lile. Pengine ndiyo sababu mzee hakuhitaji tafsiri nyingi katika msimu ule. Mara mbili alinisahihisha mimi, akinieleza karani anafanya nini na karatasi anayoishika.

Usidhani nyumba nzima ilikubaliana. Baba alimtetea Sobotka: si mwizi, ni mtu mwenye hofu ya wenzake kukosa kazi. Mama watoto, ambaye kwa kawaida hambishii mkwe wake hata juu ya chumvi, alisema kwa adabu, "Baba, wale wanawake kumi na watatu nao walikuwa na wazazi. Kutouliza ni namna ya kujua." Mzee hakujibu usiku ule wala kesho yake. Siku ya tatu, akiwa anakunywa chai, alimwambia, "Mwanangu, umesema kweli, ila wewe hujawahi kusoma ile karatasi." Wamebaki hapo. Mimi nadhani wote wawili wamesema haki, na mchezo unaowafanya mkwe na mkwewe wafikie mahali hapo bila kuvunjiana heshima unastahili saa zake 60.

Misimu mingine nitaipitia kwa haraka. Wa tatu ni wa siasa za jiji. Wa nne ni wa shule, wavulana wanne na askari aliyeacha upolisi akawa mwalimu wa hesabu. Huo nawausia walimu hasa, wajiandae kulia. Wa tano unahusu gazeti, nao kwa maoni yangu ndio dhaifu kuliko yote. Mwandishi mwongo yumo, na waongo tunao katika kazi hii, lakini wahariri wamechorwa weupe mno au weusi mno. Tamthilia yote haikupata hata tuzo moja ya Emmy, jambo linaloonyesha kwamba tuzo si mwongozo mzuri kwa anayetafuta cha kutazama.

Sasa imekwisha, na tumerudi tulipoanza. Mzee ameomba msimu wa bandari urudiwe, basi tunaurudia kila Jumamosi. Siku nyingine tunatafuta. Ninachokitaka safari hii ni tamthilia iliyotungwa kwa Kiswahili, yenye mwisho, inayohusu watu walio kazini: kiwanda cha nguo, karakana, wodi ya wazazi, au Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976 na ambayo imebeba mambo mengi kuliko abiria na mizigo. Msomaji uijuaye, niandikie kwa anwani ya gazeti hili. Nieleze ina sehemu ngapi, na rimoti iruke wapi.